Sogea Nyuma, Mwenzako Akae

Habari yenyewe Mama Fundi aliipata dukani kwa muuza nyuzi, Jumanne asubuhi, wakati akipimiwa mpira wa kiunoni wa sketi. Muuza nyuzi hakuinua macho kutoka kwenye rula yake. Alisema yule mtoto wa kwenye keria sasa anaongea.

"Anaongea nini?" Mama Fundi aliuliza.

"Mimi sijasikia kwa masikio yangu, nasikia wanasema. Maneno yenyewe machache. Ila sauti si ya kwake. Ni ya mtu mzima. Mwanamke, tena wa mtaa huu huu. Wanasema anaongea kama mtu aliyebana kitu mdomoni."

"Nani huyo?"

"Ndilo wanaloulizana watu," alisema muuza nyuzi, akakata mpira. Alikuwa amezidisha shibiri nzima, yeye ambaye siku zote hakuachii hata upana wa kidole.

Kwamba mtoto yuko kwenye keria, hilo halikuwa geni kwa mtu yeyote. Mtoto huyo alikuwa binti wa Mama Mboga, na mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa akiamka anaongea na kulala anaongea. Muhula wa kwanza, Jumatatu, alianguka kutoka kwenye pikipiki akipelekwa shule. Jumatano akazikwa. Jumatatu iliyofuata, dereva alipowasha taa ya chumbani atoe pikipiki, alimkuta ameshakaa mahali pake, juu ya kile chuma cha nyuma cha kufungia mizigo, ana sare yake, soksi amezivuta hadi magotini. Dereva akamsalimia, akafuta vumbi kwenye vioo, akaondoka naye.

Tangu siku hiyo hakushuka. Pikipiki ikisimama kwenye geti la shule wenzake wanashuka, yeye anabaki. Mwalimu wa zamu aliwaza afanye nini, kwa kuwa jina lilikuwa limeshakatwa kwa wino mwekundu na mtoto anaonekana pale nje. Mwisho akaamua kumwandika kwenye daftari la wachelewaji, na Mama Mboga alikuwa ameshapokea barua mbili za kumtaka aje aeleze kwa nini mwanawe hafiki kwa wakati. Mchana dereva alibeba watu wengine, na watu hao, wakiwa na mzigo, waliuweka mapajani kwa Chiriku, kwa kuwa alikuwa mtulivu na hakuangusha kitu. Usiku pikipiki ililala ndani na mke wa dereva alimfunika mtoto blanketi, maana sakafu ile ina baridi. Uzito hakuwa nao. Ila springi za nyuma zilikuwa zimelala tangu siku ile, na hakuna fundi aliyeweza kuziinua.

Hayo mtaa ulikuwa umeshayazoea. Lililomkaa Mama Fundi kooni ni hilo la sauti. Alirudi nyumbani akaketi kwenye cherehani, akakanyaga, akaona ameshona kiuno cha sketi upande wa pindo. Akafumua. Akashona tena palepale.

Mama Fundi ndiye aliyeshona sare za shule ile, miaka saba sasa. Shule ilitaka sketi nyoofu, za kubana, zinazoshuka chini ya goti, na yeye alizikata zikatoka nyoofu kama bomba. Msichana akiivaa hatua zake zinakuwa fupi fupi. Akipanda pikipiki hawezi kutanua miguu, kwa hiyo anakaa upande, magoti pamoja, miguu yote miwili inaning'inia upande mmoja. Wazazi waliipenda sketi hiyo. Walisema inampa mtoto heshima.

Siku ile ya Jumatatu Mama Fundi aliikumbuka vizuri, au alijiona anaikumbuka. Alikuwa na sketi arobaini za kukabidhi kabla ya saa sita. Siku nyingine zote alimpeleka mwanawe yeye mwenyewe kwa miguu, yule wa mwisho ambaye wote walimwita Kitinda, mwendo wa karibu saa nzima. Siku hiyo hakuweza. Alitoka naye mbio hadi pale bombani, ambapo kila asubuhi dereva aliwapakia watoto wa mtaa. Mtoto wa kinyozi alikuwa ameshakalishwa mbele juu ya tanki, na Chiriku yuko kwenye siti, nyuma ya dereva. Mama Fundi alikumbuka kwamba dereva alisema watatosha. Alikumbuka kwamba Chiriku mwenyewe alihamia kule nyuma kwa sababu alipenda kukaa kwenye keria, watoto wana mambo yao. Halafu pikipiki ikaondoka.

Dereva huyo hakuwa mtu wa mbio. Jina lake la mtaani lilikuwa Taratibu, na hakupewa kwa kejeli. Kwenye tuta la mwisho, lile la kabla ya shule, alipunguza mwendo mpaka akakaribia kusimama, kama siku zote. Gurudumu la mbele likapanda, likashuka. La nyuma likapanda, likashuka. Kitinda aliyekuwa katikati alihisi upepo mgongoni mahali palipokuwa na joto. Hakusema kitu kwa kuwa alikuwa ameambiwa akae atulie. Ilikuwa ni getini, wakati wa kushusha, ndipo Taratibu alipohesabu wawili. Helmeti ya abiria ilikuwa imening'inia kwenye kioo cha kushoto, ndani ya nailoni yake.

Siku tatu Mama Fundi hakufanya kazi ya maana. Aliwapitisha wanawake wa mtaa mmoja mmoja kichwani, kama anayechambua mchele. Alimfikiria mke wa kinyozi, ambaye siku zote alitaka mwanawe apakiwe wa kwanza. Akamfikiria yule anayeshika ufunguo wa bomba, mwenye mdomo wa kuamrisha watoto wa watu. Alhamisi mchana alikuwa akimpima mteja kifua, mteja ameinua mikono juu, na Mama Fundi akajikuta anasema, pini mbili zikiwa zimebanwa katikati ya midomo:

"Mimi nasema hivi, mtu aliyemwambia mtoto wa mwenzie neno baya, ajitokeze tu. Anajificha nini?"

"Kweli kabisa," alisema mteja, akaangalia dari.

"Tena ni mama, nasikia. Mama mzima, ana watoto wake."

"Mama Fundi, mikono imechoka. Naishusha?"

Ijumaa akaamua kwenda kusikia mwenyewe. Tangu siku ile ya msiba hakuwahi kufika bombani asubuhi. Kila siku ilitokea kazi. Alimfungulia Kitinda mlango, akamwambia wahi, wahi, na kugeukia cherehani. Maana Kitinda sasa alikuwa na nafasi yake ya kudumu kwenye pikipiki, ile ya nyuma ya dereva, na kule kutembea kwa miguu kulikuwa kumekwisha.

Alifika kabla ya ndoo za kwanza kujaa. Tepu iko shingoni, pini ziko mdomoni, kwa sababu ametoka nazo bila kujua. Wanawake walikuwepo wanne na waliacha kuongea alipofika, halafu wakaanza tena, habari ya sabuni. Taratibu akaja akisukuma pikipiki kwa miguu, hajaiwasha. Chiriku yuko nyuma, amekaa upande, begi amelikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

Mtoto wa kinyozi akawekwa kwenye tanki. Kitinda akapanda, akavuta sketi, akakaa upande. Ndipo Chiriku alipofungua mdomo.

"Sogea nyuma kidogo, mwanangu, mwenzako naye akae."

Haikuwa sauti inayofanana na ya Mama Fundi. Ilikuwa ya kwake. Ilikuwa na mafua, yale mafua aliyokuwa nayo wiki ile ya msiba, na herufi zilitoka zimebanwa, jinsi anavyoongea mtu mwenye pini mdomoni. Baada ya "mwanangu" kulikuwa na kile kicheko kidogo cha puani anachokitoa akitaka mtu amkubalie jambo. Na baada ya "akae" ukasikika mkono ukipiga paja la mtoto, pa, kwa upendo, mara moja.

Wanawake waliangalia ndoo zao. Ndoo moja ilikuwa imejaa na maji yanamwagika, na mwenyewe hakufunga bomba.

Mama Fundi alizitoa pini mdomoni akazichomeka kifuani kwenye gauni, mahali anapozichomeka siku zote. Pikipiki ikawashwa, ikaondoka. Akarudi nyumbani akashona hadi adhuhuri. Alipoinama kuokota mkasi ndipo akaona doa la damu kwenye gauni, kubwa kama kifungo cha koti. Pini moja ilikuwa imeingia kwenye nyama na ilikuwemo humo tangu asubuhi.

Jioni Kitinda aliporudi, mama yake alimketisha kwenye kigoda.

"Yule mwenzako, anasema vile kila siku?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu aliporudi. Mwanzoni alikuwa anasema kidogo kidogo. Siku hizi kwa nguvu."

"Mbona hukuniambia?"

Kitinda alikwaruza goti. "Nilidhani unajua, mama. Si ni wewe. Nilidhani ndiyo maana hutoki nje."

Mama Fundi akamwambia akabadilishe nguo za shule, zisichafuke.

Sasa siku ile ikamrudia yote, na haikuwa ile aliyokuwa akiikumbuka. Taratibu hakusema watatosha. Taratibu alisema, "Mama Fundi, leo nimejaa." Na yeye akasema, "Huyu mdogo tu, kaka yangu, utaniangusha hivyo?" Chiriku hakupenda keria. Alikuwa anasimulia habari ya kuku wao aliyetaga ndani ya kiatu, na alipopigwa paja akasogea huku anaendelea kusimulia, akapita siti, akafika kwenye chuma, akageuka amalizie hadithi. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Mama Fundi alikuwa ameshamwinua Kitinda na kumtua pale palipokuwa na joto la mtoto wa mwenzake.

Jumamosi alikwenda genge la Mama Mboga. Alikaa kwenye kreti tupu, bila kusalimiana vizuri. Mama Mboga alikuwa akifunga mafungu ya mboga kwa uzi, na ule uzi ulitoka kwa Mama Fundi, vipande vya kutupa.

"Nimesikia," alisema Mama Fundi.

"Nami nilikuwa nangoja usikie."

"Ulijua ni mimi?"

"Mwenzangu, sauti yako nitaacha kuijua? Si wewe unayeniita kila jioni, Mama Mboga, nibakizie. Nilijua siku ya kwanza."

"Na ukakaa kimya."

Mama Mboga alikata uzi kwa meno. "Ningekwambia nini? Akitoka pale bombani anapita hapa gengeni, na hapa anasema lingine. Hulijui, kwa sababu wewe unaishia kule. Hapa anasema langu."

"Lipi hilo?" Mama Fundi aliuliza.

"Begi lilikuwa jipya," alisema Mama Mboga. "Nilimwambia, lishike kwa mikono miwili, mama, lisianguke likachafuka. Alikuwa mtoto wa kusikia. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye begi. Walipomleta, begi halikuwa na hata doa."

Mteja akaja, akachagua, akaondoka.

"Kila asubuhi?" Mama Fundi aliuliza.

"Kila asubuhi. Nami namwitikia, liache, mama, liache tu lichafuke. Hanisikii. Umeona anavyolikumbatia?"

Kutoka gengeni Mama Fundi alikwenda moja kwa moja kwa Taratibu, nyumba ya nne baada ya kinyozi. Alimkuta nje anaosha pikipiki kwa kitambaa na maji ya sabuni. Aliosha akizunguka miguu ya Chiriku, akiinua kiatu kimoja, akifuta chini yake, akikirudisha.

"Shemeji," alisema Mama Fundi, kwa kuwa yeye na mke wa Taratibu walichukuliana kama ndugu, "ile helmeti itoe kwenye nailoni."

"Ile ni ya abiria, Mama Fundi."

"Na hawa ni nani?"

"Ile ni ya abiria wa kuonyesha trafiki. Ikitoka kwenye nailoni, leo itapakwa mafuta ya nywele, kesho itanuka jasho, keshokutwa kila mtu ataikataa, ataniambia nina chawa. Sasa hivi hakuna anayeikataa."

"Hakuna anayeivaa."

"Ndiyo nakwambia. Hakuna anayeikataa." Aliongea bila utani. Alikamua kitambaa. "Usinitazame hivyo. Mimi nimeshapata langu. Wewe lako fupi, unalisikia bombani na kwenda zako. Mimi langu linaanza tuta la kwanza mpaka getini."

"Anakwambia nini?"

"'Usinishike shati, nimelipiga pasi. Shika chuma.'" Alisema hivyo, na nyuma yake, kwenye keria, sauti yake mwenyewe ikasema hivyo pia, wakati mmoja, wakaishia pamoja. Taratibu hakugeuka. "Kulikuwa na kikao cha madereva siku ile. Nilitaka nionekane mtu. Siku ya kwanza aliponiambia nilisimama pembeni nikatapika. Siku hizi namjibu."

"Unamjibu nini?"

"Nasema, shika tu, mdogo wangu. Shika shati, shika hata nywele. Lakini hashiki."

Mama Fundi akamwomba jambo moja. Amchukue mtoto mmoja kwa safari moja. Mmoja, helmeti kichwani, begi mgongoni, mikono kiunoni kwa dereva. Taratibu alihesabu kwa vidole vyenye povu. Watoto wa mtaa walikuwa tisa. Akichukua mmoja mmoja, alisema, wa mwisho atafika wenzake wako kwenye somo la pili, na mama yake atatafuta dereva mwingine, na huyo dereva mwingine atawachukua wanne, tena yeye anakimbia.

"Mimi nawachukua watatu tu," alisema Taratibu. "Na nakwenda taratibu."

Hakuwa anajitetea. Alikuwa anaeleza.

Ilibaki sketi. Jumapili yote Mama Fundi alikata na kushona, na Jumatatu alimwendea mwalimu mkuu na sketi moja ya mfano mkononi. Ilikuwa na marinda mapana pande zote, na ndani yake kaptura ya kitambaa kilekile, ili msichana akipanda pikipiki aweze kukaa kama anavyokaa mwanamume. Mwalimu mkuu aliigeuza, akaitazama mshono kwa mshono, akausifu. Halafu akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Kazi nzuri, mama. Lakini sare ni sare. Sketi nyoofu inamfundisha msichana kukaa vizuri."

"Kukaa vizuri wapi, mwalimu?"

"Popote."

Dirishani, nje ya geti, pikipiki ilikuwa imesimama, na mtoto amekaa vizuri. Mwalimu wa zamu alikuwa anamwandika. Mwalimu mkuu alifuata macho ya Mama Fundi, akamwona, akasema kwamba muhula huu wachelewaji wamezidi. Kisha akamkumbusha oda ya muhula ujao, sketi sitini, kwa kipimo kilekile.

Jumanne Mama Fundi aliamka kabla ya kuku, kama zamani. Alikuwa ameamua kuwa Kitinda atakwenda kwa miguu, na atampeleka yeye, kazi isubiri. Kitinda alinuna kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini akashika mkono. Walipita bombani kwa kuwa njia ni hiyo. Pikipiki ilikuwa pale. Mtoto wa kinyozi juu ya tanki, Chiriku kwenye keria, na katikati yao, nyuma ya dereva, siti ilikuwa tupu, pana, inang'aa kwa kukaliwa.

Mama Fundi aliuachia mkono wa Kitinda, akaenda karibu. Hakuwa na pini mdomoni leo. Alitaka sauti itoke safi, ili mtoto asikie tofauti.

"Chiriku," alisema. "Mwanangu. Njoo mbele. Njoo ukae hapa. Leo hapana mtu, mahali ni pako."

Mtoto akageuka. Alikuwa na adabu yake ileile ya kumwangalia mtu mzima anapoongea, asimkatize. Alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu, kwa mafua na pini na kile kicheko cha puani, akasema:

"Sogea nyuma kidogo, mwanangu, mwenzako naye akae."

Na Mama Fundi akasogea. Hakuamua. Mguu wenyewe ulirudi nyuma, hatua moja, kama unavyorudi wa mtu yeyote aliyeombwa vizuri. Kwenye nafasi aliyoiacha akapita mama mmoja wa nyumba za juu, ambaye alikuwa amesubiri muhula mzima, akamwinua binti yake kwapani na kumtua kwenye siti. "Ahsante, Mama Fundi, Mungu akubariki," alisema. Akarudi tena upande wa pili na mtoto wake mwingine, akatazama, akaona siti imejaa.

"Chiriku," alisema yule mama, "wewe huna uzito, mwanangu. Si umpakate huyu mdogo?"

Chiriku alikuwa mtoto wa kusikia. Alisogeza begi pembeni, akafanya mapaja, na mdogo akapandishwa juu yake. Springi za nyuma zikalia, zikashuka. Taratibu akakanyaga kiki, akaondoka polepole sana, helmeti inacheza ndani ya nailoni. Wanawake wakarudi kwenye ndoo.

Mama Fundi alimpeleka Kitinda kwa miguu, akarudi kwa miguu, akaingia ndani. Oda ya sketi sitini ilikuwa mezani. Alichukua karatasi ya kukatia, ile ya kaki, akaitandika, akachukua chaki, akaona chaki itafutika, akaandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, kama walivyomfundisha darasa la saba alilomalizia. Akaibandika ukutani kwa pini nne, mbele ya mahali wateja wanaposimama kupimwa, kwa sababu mtu anayepimwa hana pa kuangalia pengine. Wanaisoma mpaka leo, mikono wameinua juu. Wengine wanasema ameandika vizuri. Kisha wanalipia sketi, wanampigia Taratibu simu, na wanaondoka watatu.

Karatasi inasema:

USIPANDE pikipiki ambayo tayari ina abiria.

Usimweke mtoto juu ya tanki.

Usimweke mtu kwenye keria. Ni ya mizigo.

Usimpakie mtoto ambaye nyayo zake hazijafika kwenye vikanyagio.

Usikae upande. Kama nguo haikuruhusu, usipande mpaka ubadilishe nguo.

Usiache shuka, khanga wala mtandio unapepea karibu na gurudumu.

Usishike begi. Livae mgongoni, mikono imshike dereva kiunoni. Likichafuka litafuliwa.

Dereva usikatae kushikwa shati.

Usiiache helmeti kwenye nailoni. Usiivae bila kufunga mkanda wa kidevuni.

Usimpandishe mtoto mwenye usingizi.

Usingoje kufika getini ndipo uhesabu.

Usimwambie mtoto wa mwenzako asogee.